Maswali ya Wasomaji: Daktari Amesema Mfupa wa Taya Hautoshi

Barua za mwezi huu kuhusu meno ya kupandikizwa zimerudi palepale: mtu alienda kuwekewa implanti, yaani skrubu ya chuma inayoingizwa mfupani ili ibebe jino, akaambiwa mfupa umekonda na sharti uongezwe kwanza. Tumezijibu zile zinazogusa wengi.

Niling'olewa gego la chini miaka miwili iliyopita. Sasa nataka implanti, lakini nimeambiwa mfupa umekwisha. Ni jino moja tu, mfupa umeenda wapi? Na huo wa kuongeza unawekwaje? – Msomaji wa Lanet, Nakuru

Mfupa unaoshika jino huishi kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mwili unaula pole pole. Katika mwaka wa kwanza unene wa ukingo wa taya hupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya huo upungufu hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Upande wa shavuni ndio huliwa zaidi kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba tangu asili. Pitisha ulimi pale, utahisi bonde.

Hesabu ni hii. Implanti ya gego huwa na upana wa milimita 4 hadi 5, nayo inahitaji kuzungukwa na mfupa wa kama milimita 1.5 kila upande. Ukingo basi unatakiwa kuwa na milimita 7 au zaidi. Ukiwa na 4, chuma kitachungulia ubavuni. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa, unene haiuonyeshi. Anayekwambia unene kwa eksirei bapa peke yake anakisia. Omba skani ya pande tatu. Hiyo huonyesha pia ulipopita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini, ambao kwa gego la chini ni lazima ujulikane.

Siku ya upasuaji unachomwa ganzi ileile ya kung'olea jino. Ufizi unapasuliwa na kufunuliwa, mfupa unasafishwa, kisha daktari anautoboa vitundu vidogo hadi damu ichuruzike. Wengi wanaopenda kujua kila hatua hushtuka hapo, lakini bila damu hiyo hakuna kitakachoota. Chembe za mfupa, kila moja kati ya robo milimita na milimita moja, huloweshwa kwa maji ya chumvi au damu yako mwenyewe mpaka zishikane kama sukari iliyomwagikiwa chai. Kwa pengo la jino moja nusu gramu mara nyingi hutosha. Zinapangwa mahali pake bila kushindiliwa, maana zikibanana damu haina pa kupita. Juu yake unalazwa utando unaozidi kingo za kidonda kwa milimita 2 au 3, kisha ufizi unarudishwa na kushonwa. Yote huchukua saa moja hivi, pengine na nusu.

Ule utando ndio watu husahau kuuliza. Nyama ya ufizi huota haraka kuliko mfupa. Ikiachiwa nafasi itajaza pengo kabla mfupa haujaanza, na implanti haishiki kwenye nyama. Utando ni ukuta wa kuizuia.

Zile chembe nazo zifikirie kama fito za nyumba ya udongo. Fito peke yake si ukuta. Udongo unaletwa na mwili wako, na mwili hauna haraka: miezi 4 hadi 6, kisha skani nyingine, ndipo implanti iingie, na baada yake kama miezi mitatu kabla ya kuvikwa kichwa cha jino. Ukiahidiwa kumaliza kazi hii yote kwa mwezi mmoja, uliza maswali zaidi.

Ukitajiwa bei, omba ivunjwevunjwe: skani, chembe, utando, upasuaji, implanti na kichwa chake, kila kimoja peke yake. Bei inayoonekana nafuu mara nyingi imeacha viwili vya mwisho.

Mimi ni Msabato, sili nguruwe. Nasikia huo mfupa ni wa mnyama, wengine wanasema ni wa maiti. Ni kweli? – Mama, Nyamira

Ni kweli kwa baadhi, Mama, na una haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Asili ni nne. Mfupa wako mwenyewe, unaochukuliwa nyuma ya magego ya chini au kidevuni. Huo una seli hai, ila unapata vidonda viwili badala ya kimoja. Mfupa wa binadamu aliyejitolea kabla ya kufa, ukasafishwa na kukaushwa. Mfupa wa mnyama, aghalabu ng'ombe, uliochomwa na kuoshwa kwa kemikali hadi yakabaki madini matupu. Huo hudumu miaka kabla ya kuisha, na ndiyo sababu huhifadhi umbo vizuri. Nne ni wa kutengenezwa kiwandani, hauna mnyama wala mtu ndani yake.

Hapa ndipo wengi hunaswa: wanauliza mfupa, wanaambiwa ng'ombe, wanaridhika. Utando hawauulizi. Tando nyingi za kolajeni, ambayo ni protini ya mwilini mwa wanyama, zinatokana na nguruwe. Zipo za ng'ombe na zipo zisizo na mnyama kabisa, lakini huenda zikahitaji kuagizwa, kwa hiyo sema wiki mbili tatu kabla. Mwombe daktari akuonyeshe pakiti zote mbili, asili imeandikwa juu yake.

Leo ni siku ya tatu tangu nipandikizwe. Shavu limevimba kuliko jana, kuna kitu cheupe juu ya kidonda, na asubuhi nimetema punje kama mchanga. Kazi imeharibika? – Msomaji, Kakamega

Kwa hayo matatu peke yake, la. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo ushuke. Kufikia siku ya saba uwe umepungua sana, labda ukiacha alama ya kijani au njano shavuni. Kile cheupe ni ngozi ya muda inayofunika kidonda. Usikikwangue. Punje chache nazo hutoka hata kazi ikiwa nzuri, kwa kuwa daktari huweka za ziada kidogo.

Kinachotupa wasiwasi ni hiki. Maumivu yanayopungua hadi siku ya tatu, kisha yakaanza kupanda upya. Ladha mbaya na majimaji yanayotoka ukibonyeza. Joto la mwili la 38 au zaidi. Nyuzi zilizoachia na utando ukionekana, au punje zinazotoka kila siku. Mdomo wa chini au kidevu ambacho bado kina ganzi siku iliyofuata. Yoyote kati ya hayo, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Na ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, hiyo si ya kungoja kliniki ifunguliwe: nenda hospitali usiku huohuo.

Kwa utunzaji: barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 20 shavuni na 20 kupumzika, ina faida siku mbili za kwanza tu. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Baada ya saa 24 anza maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara tatu nne kwa siku. Usisukutue kwa nguvu. Jaza kinywa, inamisha kichwa upande huu na ule, fungua mdomo juu ya sinki yaanguke yenyewe. Ukipewa klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu kinywani, itumie nusu saa kabla au baada ya mswaki, kwani dawa ya meno huidhoofisha. Mswaki usiguse kidonda hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Antibayotiki kama umeandikiwa, maliza zote. Wenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu wasinunue ibuprofeni wenyewe dukani.

Na tafadhali acha kuvuta mdomo ili majirani waone. Kila ukiuinua, nyuzi zinavutwa. Kidonda kinachofunguka wiki ya kwanza ndicho hupoteza mfupa kuliko kitu kingine, na anayekifungua mara nyingi ni mwenyewe mbele ya kioo. Vivyo hivyo meno bandia ya kuvaa na kuvua yanayokalia pale: yabaki kwenye bakuli hadi daktari ayachonge upya yasiguse.

Mimi ni mwendeshaji wa boda. Nitarudi kazini lini, na nile nini? – Bungoma

Siku tatu bila pikipiki, na wiki nzima bila kubeba magunia. Kuinua kizito hupandisha shinikizo la damu na kidonda huanza kuvuja upya. Kofia ngumu inayobana shavu nayo itakuumiza, ijaribu kabla hujaondoka nyumbani.

Chakula kiwe laini na cha vuguvugu, kitafunwe upande wa pili: uji uliopoa, ndizi za kupondwa, parachichi, mayai, samaki aliyechambuliwa miiba. Omena ipumzike, vijifupa vyake huingia kwenye nyuzi. Miwa, njugu na mahindi ya kuchoma visubiri wiki sita. Usinyonye kitu chochote kwa mrija, na mrija wa busaa umo: kunyonya kunang'oa damu iliyoganda, na pombe inachelewesha kidonda. Sigara ndiyo adui mkubwa zaidi, kwa kuwa inabana mishipa midogo inayoleta damu kwenye zile chembe. Acha wiki mbili kabla na angalau miezi miwili baada. Kama huwezi, mwambie daktari ukweli mapema. Afadhali kuahirisha kuliko kulipia mfupa utakaoliwa.

Baba yangu ana miaka 74. Ujanani aling'olewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila. Anaweza kuwekewa meno sasa? – Siaya

Umri peke yake haumzuii Mzee. Ukingo wa mbele uliokaa miaka hamsini bila meno huwa mkali kama makali ya kisu, lakini eneo hilo la taya mara nyingi hubaki na urefu wa kutosha. Yapo machaguo: kupandikiza mfupa kuongeza unene, au kusawazisha yale makali hadi pafikie mfupa mpana ndipo implanti chache zibebe meno yote sita, au meno ya kuvaa na kuvua yasiyohitaji kisu kabisa. Kwa wazee wengi hilo la mwisho linatosha, na hatuoni aibu kulipendekeza.

Swali zito zaidi ni dawa anazotumia. Aende nazo zote, na vibandiko vyake. Dawa za mifupa kama alendroneti, na hasa sindano za zoledroniki anazopewa mgonjwa wa saratani, zinaweza kufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya kupasuliwa. Za kupunguza kuganda kwa damu asiziache kwa uamuzi wake, anaweza kupata kiharusi. Kama ana kisukari, apime kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c); kikizidi asilimia 8, upasuaji ungoje.

Maji ya kwetu yametuachia meno ya kahawia. Mfupa utashika? – Njoro

Madoa hayo huletwa na floridi iliyo majini, nayo yako kwenye gamba la jino. Hayazuii kupandikizwa.

Langu ni gego la juu. Nimeambiwa "sainasi itainuliwa". Na nasafiri kwa ndege Kisumu–Nairobi kila wiki. – Milimani, Kisumu

Juu ya magego ya juu kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua. Jino likitoka, uwazi hushuka na mfupa hukonda kutoka pande zote mbili. Daktari hufungua kidirisha kwenye ukuta wa taya, anainua ngozi ya ndani ya uwazi huo, nyembamba kama ile iliyo chini ya ganda la yai, na kujaza chembe chini yake. Kungoja ni miezi 6 hadi 9. Damu kidogo puani siku moja mbili isikutishe.

Hewa ndiyo ya kuogopa. Wiki mbili bila kupenga kamasi. Chafya itoke kinywa kikiwa wazi. Tarumbeta ya kanisani aipige mwingine. Ndege nayo iache kwa muda huohuo, au zaidi kama daktari aliona ngozi imechanika. Ukiwa na mafua siku ya miadi, piga simu ubadilishe tarehe.