Miche ya basi ikifika imenyauka, usikimbilie ndoo

Mzigo wangu wa kwanza wa miche niliupokea stendi ya Nanenane hapa Dodoma, Oktoba, saa kumi jioni. Miche 12 ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha, yaani kikonyo cha Hass kimeungwa juu ya shina la parachichi la kienyeji, kutoka kitalu kimoja cha Njombe nilichokiona mtandaoni. Pesa nilituma kwa simu, wenyewe wakaifunga kwenye salfeti na kuipandisha basi la alfajiri. Kijana wa mizigo alipoutoa kwenye buti nikaupokea, ukawa wa moto kama mkate unaotoka tanurini. Kufungua nyumbani: majani yamelala, mengine rangi ya chai ya rangi, na viriba viwili vimepasuka, udongo uliobaki haujai kiganja.

Basi nikajitia ujuaji. Jioni ile ile nikaimwagia maji mpaka yakatuama. Kesho yake nikaipanda shambani, juani kweupe, na kila shimo nikalitilia kijiko cha urea ili ipate nguvu. Baada ya wiki tatu nilibaki na miche mitano, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa unanidanganya.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mche ulionyauka safarini mara nyingi shida yake si uhaba wa maji kwenye udongo. Ile mizizi midogo kama nyuzi, ndiyo inayonyonya maji, imekatika kwa kurushwarushwa. Majani nayo yamelelewa kwenye baridi ya Njombe, leo yamefikia hewa kavu na upepo wa Dodoma wa Oktoba, yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Ukizidisha maji, parachichi ambalo mizizi yake iko juu juu na inataka hewa, linaoza chini. Ukiweka urea, unaongeza chumvi kwenye udongo na mzizi ulioumia unazidi kukosa maji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza maji yanayopotea kwenye majani, mizizi utaisubiri.

Siku hizi mzigo ukifika, miche haitoki kwenye viriba. Inakwenda nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini, mahali ambapo ukuta unakata upepo. Upepo wa hapa asikwambie mtu, unakausha jani hata kivulini. Maji ya kwanza simwagii kwa juu, kwa sababu udongo wa kiriba uliokauka kabisa hukataa maji: yanateleza pembeni, yanatokea chini, unadhani umelowa kumbe katikati ni vumbi. Natia maji kwenye beseni, nakizamisha kiriba hadi nusu, nasubiri viputo viishe, kisha nakitoa kichuruzike. Baada ya hapo simwagilii tena mpaka nitumbukize kidole na kukuta pakavu.

Mche uliozidiwa sana naufunika kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, nimeushikilia kwa vijiti viwili usiguse majani. Jioni naufunua upumue. Mfuko huo usikae juani hata nusu saa, utapika mche wako. Maua na vitunda nakata bila huruma, ila majani yenye ukijani nayaacha.

Halafu kuna maji yenyewe. Anayeishi Dodoma atazame ndani ya birika lake, ule ukoko mweupe ndio unaokwenda kwenye mche. Visima vingi vya huku vina chumvi, na parachichi ni miongoni mwa miti isiyoivumilia, ncha za majani zinaungua kahawia. Nina pipa la maji ya mvua, na kiangazi nabeba maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha ofisini, dumu la lita tano kila siku. Wenzangu wamecheka wamechoka. Yale maji hayana chumvi.

Utajuaje kama mche ungali hai? Kwaruza gome kwa ukucha, kidogo tu. Ukikuta kijani chenye unyevu, upo. Ukikuta kahawia kikavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Na usilie majani yakipukutika. Jani linalodondoka ukiligusa limeachiwa na tawi lililo hai. La kuogopa ni lile lililokauka likang'ang'ania palepale.

Mbolea naisahau mpaka majani mapya yatoke na kukomaa. Jua naliongeza taratibu baada ya wiki mbili tatu, nikianza na la asubuhi hadi saa tatu. Kupanda ardhini ni kuanzia Desemba, mvua zikishanyesha mbili tatu za maana. Siku hizi hata kuagiza naagiza Desemba, na namwomba muuzaji amwagilie siku moja kabla ya safari, kisha apakie basi la usiku.

Sasa ule mche wa tano. Ulikauka juu, halafu ukatoa machipukizi mazito, mekundu, ya kupendeza. Nilitamba nao mwezi mzima, nikatuma na picha kwenye kundi la familia. Siku moja mzee jirani yangu, Mgogo wa hapa hapa, akapita, nikamwamkia, akainama akatazama pale penye kiungio. Machipukizi yote yalikuwa yanatoka chini yake.

"Mwanangu," akasema, "hapa unalea miguu. Kichwa kilishakufa."

Kikonyo cha Hass kilikufa kitambo, kilichochipua ni parachichi la kienyeji lililokibeba. Kwa hiyo kwaruza juu ya kiungio, si chini, na machipukizi ya chini yakate mapema yasiunyang'anye mche nguvu. Wangu sikuukata. Umefika usawa wa paa la banda, bado haujazaa, na saa sita mchana kuku wote wamejaa chini yake.