Je, Mistari ya Ramani ya Ubongo ni Neva?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Nimeona picha ya ubongo yenye vituo vingi vilivyounganishwa kwa mistari, nikaelezwa kwamba imetokana na mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Je, mistari hiyo ni neva zenyewe? Na ni kweli kwamba mtoto hana mistari mirefu mingi kama mtu mzima?

JIBU: Mwalimu, mistari hiyo si neva. Katika vipimo vya namna hii mashine haioni umeme wa seli za neva, bali hufuatilia oksijeni katika damu, kwa kuwa hemoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku, jambo ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Mwaka 1995, huko Wisconsin, Marekani, Bharat Biswal na wenzake waliwapima watu waliojilaza tu bila kupewa kazi, wakakuta kwamba ishara hiyo ya oksijeni katika sehemu za ubongo za kushoto na za kulia zinazoongoza mikono hupanda na kushuka pamoja. Mstari katika ramani una maana hiyo: ishara za sehemu mbili zimepanda na kushuka pamoja kiasi cha kutosha.

Anayeamua kinachotosha ni mtafiti, na hapo ndipo penye kazi. Ubongo ukigawanywa katika maeneo 360, kama ilivyo katika ramani ya mwaka 2016 iliyotokana na Human Connectome Project, mradi wa kuchora ramani ya miunganiko ya ubongo wa binadamu, jozi za kulinganishwa hufika 64,620. Akikubali kosa la asilimia 5 kwa kila jozi bila kufanya marekebisho, takriban jozi 3,231 zaweza kupata mstari kwa bahati tu. Kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kukubali mstari, kikipandishwa mno, mtandao hukatika vipande. Kikishushwa, kila kituo huonekana kimeungana na kila kituo. Mimi huyaamini zaidi matokeo yanayobaki yaleyale kizingiti kinaposogezwa.

Kuhusu watoto, kwa miaka kadhaa iliandikwa kwamba mtoto anavyokua, mistari mifupi hupungua na mirefu huongezeka. Mwaka 2012 makundi kadhaa ya watafiti, likiwamo la Jonathan Power huko St. Louis, yalionyesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita 1, kupanda na kushuka pamoja kwa sehemu zilizo karibu hukuzwa, na kule kwa sehemu zilizo mbali hudhoofishwa. Na watoto, kama unavyowajua, hutulia kwa shida. Sehemu ya tofauti iliyodhaniwa kuwa ya umri ilikuwa ya kichwa kusogea. Nalithamini sana kundi hilo la St. Louis, kwa sababu baadhi ya matokeo lililoyatilia shaka yalikuwa ya kwake lenyewe.

Kabla ya kuionyesha picha hiyo darasani, angalia kama watafiti waliziondoa picha za nyakati ambazo kichwa kilisogea, na kama watoto walilinganishwa na watu wazima waliosogea kwa kiasi kilekile.