Maswali ya Wasomaji: Discovery 3 Iliyotumika na Njia za Bonde la Kerio

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimenunua Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2008 yenye injini ya dizeli ya lita 2.7, na ningependa kuitengeneza kwa safari za nje ya lami: kutoka hapa Nakuru nipitie Marigat na Loruk, niteremke Bonde la Kerio hadi Tot na Marich, na mara mojamoja nipande Mlima Elgon. Fundi mmoja amenishauri niondoe mifuko ya hewa inayobeba bodi ya gari niweke springi za chuma zilizoinuliwa, nifunge bampa la chuma lenye winchi (mashine ya kujivutia ukikwama), keria na hema la paani, kisha nivalishe matairi makubwa kwenye rimu zangu za inchi 19. Fedha nilizo nazo zinatosha nusu tu ya hayo. Nianzie wapi? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Anzia chini ya gari, ndugu yangu, wala usipande paani mpaka chini kuwe kumekamilika. Gari lako lilitoka kiwandani likiwa na mifuko ya hewa inayoliinua milimita 55 juu ya kimo chake cha kawaida, lina gia za polepole za kupandia na kushukia miinuko, na lina kile kifundo cha Terrain Response kinachobadilisha namna injini, giaboksi na breki zinavyofanya kazi kulingana na mchanga, tope au mawe. Uwezo anaotaka kukuuzia fundi wako, sehemu yake kubwa tayari umeinunua pamoja na gari. Kilichopungua ni uzima wa vifaa hivyo, kwa kuwa gari limeshapita miaka 15.

Fedha ya kwanza kabisa iende kwenye mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa sehemu za ndani ya injini. Ratiba ya matengenezo ya Uingereza inataka ubadilishwe kila baada ya kilomita 168,000 au miaka 7, lolote litakalotangulia, na huku kwenye vumbi sioni sababu ya kusubiri mpaka siku ya mwisho. Mwambie fundi abadilishe pia ule mkanda mdogo wa nyuma ya injini unaoendesha pampu ya dizeli, maana wengi huusahau kwa kuwa haufikiki kwa urahisi. Akiwa hapo mbele, akague ganda la pampu ya oili mahali kinapofungwa kikaza mkanda, kwa sababu kwenye injini za miaka ya mwanzo ganda hilo lilikuwa likivunjika. Kama huna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Sasa tuje kwenye mifuko ya hewa, ambako mimi na fundi wako hatukubaliani. Mifuko ya mhimili mmoja ina vali inayoiunganisha, hivyo gari likiwa kwenye kimo cha juu hewa huweza kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine, gurudumu la kushoto likipanda jiwe, lile la kulia likaendelea kukanyaga ardhi. Ukiweka springi za chuma unapoteza hilo, unapoteza uwezo wa kulishusha gari ukirudi kwenye lami, na unabaki na taa za onyo zinazohitaji kutulizwa kwa programu. Ni kweli kwamba springi hazivuji, na kama mfumo wako umeshakufa wote, yaani kompresa (pampu inayojaza mifuko), vali na mifuko pamoja, hoja ya fundi ina uzito. Lakini kwanza upime.

Egesha gari mahali tambarare jioni, chukua tepu, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, uandike vipimo vyote 4, kisha upime tena asubuhi kabla hujafungua mlango wowote. Pembe moja ikiwa imeshuka sana kuliko nyingine, hapo pana uvujaji. Mimi nililala chini ya gari langu na chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji, na baada ya dakika chache nikaona mapovu madogo yakichomoza polepole pale bomba jembamba linapoingia juu ya mfuko wa mbele, upande wa kulia. Tiba ilikuwa kukata ncha ya bomba iliyochakaa na kulirudisha mahali pake, kazi isiyofika saa moja. Uvujaji mdogo kama huo ukiachwa, kompresa hufanya kazi muda wote ili kufidia, hupata moto, na mwishowe hufa. Na zile chembe za kukaushia hewa zilizo ndani yake zikisagika, huwa unga mweupe unaoziba vali. Kwa hiyo wengi hubadilisha kompresa na kuacha tundu lililoiua. Kwa safari za mbali, beba vali za dharura zinazokuwezesha kujaza kila mfuko kwa pampu ya matairi. Ni vitu vidogo vinavyokaa kwenye sanduku la mbele, na ndivyo vitakavyokutoa Chesegon, kati ya Tot na Marich, ukiwa bado una kimo.

Wapo pia wanaofupisha vijiti vya vipimo vya kimo ili mfumo udanganyike na gari likae juu wakati wote. Njia hiyo inafanya kazi, na kwa sentimita chache haina madhara makubwa, ila shafti za mbele hukaa kwenye pembe kali na jointi zake huisha mapema. Usisafiri hivyo kila siku kutoka nyumbani hadi kazini.

Kabla ya kuondoka, bushi (vipande vya mpira) za mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele zikaguliwe, kwani huisha haraka kwenye gari linalokaribia tani 2 na nusu likiwa tupu. Breki ya mkono nayo inahitaji uangalizi wa pekee. Inaendeshwa kwa mota ya umeme na viatu vyake vimefichwa ndani ya diski za nyuma, mahali ambapo tope huingia lakini halitoki. Nilirudi kutoka Mau Narok baada ya mvua, nikaliacha gari siku 2 bila kuliosha, na nilipovuta breki ikatoa kelele ya chuma kusagana iliyowafanya majirani watoke nje. Ndani tulikuta udongo mwekundu umekauka kama tofali, na viatu vimelika. Tangu siku hiyo, nikitoka kwenye tope hupiga maji ndani ya magurudumu ya nyuma kabla hata ya kuosha vioo.

Tairi la akiba linaning'inia chini ya sehemu ya nyuma kwa kebo. Lishushe nyumbani, safisha kebo, hakikisha inakwenda na kurudi. Usiligundue tatizo hilo ukiwa peke yako kwenye mchanga wa lagga, yaani mto mkavu wa msimu.

Kuhusu matairi, ondoa rimu za inchi 19. Tairi la kawaida la rimu hizo ni 255/55, ambalo ukuta wake una takriban milimita 140. La inchi 18 ni 255/60, na ukuta wake unafika takriban 153. Kipenyo chote ni kilekile, kwa hiyo spidomita haibadiliki wala hakuna cha kukata kwenye bodi, lakini umepata mpira zaidi kati ya chuma na jiwe. Rimu za inchi 17 ni bora zaidi, na zilikuja na baadhi ya magari ya dizeli kama lako, ila zijaribu kwanza kwenye breki zako kabla ya kulipa. Chagua tairi lenye meno ya wastani na kuta imara, kwa sababu miba ya migunga ya Baringo na mawe makali ya Kerio hushambulia ubavu kabla ya uso. Kwenye mchanga mzito shusha presha hadi psi 20 au chini kidogo, nenda polepole, na uwe na pampu ya kurudishia ukifika kwenye barabara ngumu. Hakuna kifaa cha bei hiyo kitakachokufikisha mbali kuliko pampu hiyo na kipimo chake.

Bampa, winchi na hema nisingevigusa mwaka huu. Winchi yenye kebo ya chuma peke yake huzidi kilo 30, nayo hubebwa mbele ya magurudumu ya mbele. Hema na keria huweka uzito juu kabisa, jambo linalotisha kwenye njia za kando ya milima zinazoteremkia bondeni. Tangi lako linachukua takriban lita 82, kwa hiyo hata madebe ya dizeli paani huyahitaji. Nunua koleo, kamba imara ya kuvutia, na ufuatane na gari la pili. Ukija kubadilisha lolote kubwa, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kwanza.

SWALI: Nami nina gari la aina hiyohiyo. Je, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi paani litaniwezesha kuvuka maji ya Ahero mvua zikizidi? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Bomba hilo huzuia injini isivute maji, basi, haliongezi uzito wa gari wala halipunguzi nguvu ya mto. Kiwanda kinaruhusu kina cha milimita 700 gari likiwa limeinuliwa, na hicho ni kina cha maji yaliyotulia. Maji ya Nyando yanayokimbia juu ya barabara, ambayo huoni kama lami iliyo chini yake bado ipo, usiyaingie hata yakiwa ya magotini. Bomba lina faida pia kwenye vumbi, na kwa sababu hiyo pekee linaweza kukufaa. Ukishavuka maji ya kina, siku hiyohiyo fungua vizibo vya difu (gia za mhimili) ya mbele na ya nyuma uangalie oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote na uweke mpya kabla gari halijasafiri tena.