Kabla Hujaiamini Namba ya Damu ya Mzee

Umeingia juzi kwenye kazi ya kulinganisha vipimo vya damu vya wazee na namna kumbukumbu zao zinavyoshuka, na umekabidhiwa jedwali refu: sukari, HbA1c (wastani wa sukari wa muda mrefu), kolesteroli, homosisteini (aina ya asidi amino iliyomo kwenye damu), vitamini B12, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Hesabu zisubiri kidogo. Uliza kwanza damu hii ilitolewa lini, yaani saa ngapi kabla haijafika maabara, na miaka mingapi kabla mwenyewe hajaanza kusahau.

Nianze na saa. Katika mwaka wangu wa kwanza niliona washiriki wa kituo cha mbali wana sukari ya chini kuliko wale waliopimwa jirani na maabara. Nikaandika kurasa mbili za kueleza ubora wa maisha yao. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya mirija. Chembe za damu hazifi zikishatoka mwilini, huendelea kula sukari, na kwenye joto la kawaida la chumba huipunguza kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa. Mzee aliyetolewa damu asubuhi kabla ya kula akiwa na sukari ya milimoli 7.2 kwa lita, kiwango cha kisukari, baada ya saa tatu barabarani anasomeka karibu 6. Mrija wenye floridi, kemikali ya kuzuia chembe zisile sukari, ule wa kifuniko cha kijivu, unasaidia, ila floridi nayo huchukua saa kadhaa, hata nne, kabla ya kuzima ulaji huo kabisa, kwa hiyo barafu na kuwahi sentrifuji, mashine inayozungusha damu ili kutenganisha chembe na majimaji yake, havikwepeki. Homosisteini ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu yenyewe hupanda: chembe nyekundu huendelea kuimwaga, na mzee mwenye afya anapewa namba ya kutisha kwa kosa la dereva aliyechelewa. Kama jedwali lako halina saa ya kutoa damu na saa ya kuitenganisha, zitafute hata kama itakugharimu wiki nzima. Mimi kurasa zangu mbili nilizifuta.

HbA1c ni mvumilivu zaidi maana inabeba wastani wa miezi miwili hadi mitatu, lakini inategemea chembe nyekundu kuishi siku zake 120 hivi. Wazee wengi wana upungufu wa damu. Ukosefu wa madini ya chuma huweza kuipandisha bila sukari kupanda, na chembe zinazovunjika mapema huishusha. Isome daima pamoja na hemoglobini.

Sasa miaka, na hapa ndipo wengi huteleza. Niliwahi kukuta kwamba wenye kolesteroli ya juu wakiwa na miaka 80 wana kumbukumbu bora kuliko wenzao. Nilifurahi sana, nikaona nimegundua kinga. Aliyekuwa akinisimamia alisoma kimya, kisha akasema: "Waondoe wote waliogundulika na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ndani ya miaka mitano baada ya kutolewa damu, halafu rudia." Nikarudia, na ile kinga karibu yote ikayeyuka. Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu polepole, huanza kwenye ubongo miaka mingi kabla ya daktari kuutaja. Katika miaka hiyo ya kimya mzee hupoteza hamu ya kula, uzito hupungua, kolesteroli hushuka, na mara nyingi shinikizo la damu pia. Namba niliyoiona ilikuwa matokeo ya ugonjwa, nami niliisoma kama chanzo. Ndiyo maana jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilipoongeza kolesteroli mbaya, LDL, kwenye orodha ya vihatarishi vya dimenshia (kushuka kwa akili na kumbukumbu kunakoletwa na magonjwa kama Alzheimer), liliiweka katika umri wa kati, si uzeeni. Kisukari nacho kina hadithi inayofanana: utafiti wa Whitehall II, unaofuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza tangu 1985, uliona kadiri kinavyoanza mapema ndivyo hatari ya dimenshia inavyokuwa kubwa. Safu ya "ana kisukari: ndiyo au hapana" haitoshi. Tafuta alianza lini.

Pia usiandike "kushusha kunakinga" pale ulipoona uhusiano tu. Utafiti wa muda mrefu wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 2002 kwamba homosisteini iliyozidi mikromoli 14 kwa lita iliendana na hatari ya Alzheimer karibu maradufu, lakini majaribio ya kuishusha kwa vitamini B kwa ujumla hayakulinda kumbukumbu. Kubana sukari kwa nguvu katika ACCORD, jaribio kubwa la tiba kwa wenye kisukari, hakukuisaidia kumbukumbu, na kwa mzee kuna hatari ya sukari kushuka mno, jambo linaloumiza ubongo waziwazi.

Yapo majibu yasiyopaswa kulala kwenye jedwali. B12 ya chini au tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kwa ulegevu huweza kuonekana kama dimenshia, na vyote viwili vina tiba. Waangalie hasa waliotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, maana hupunguza B12. Siku unapoliona jibu la namna hiyo, mpigie daktari wa mshiriki, usisubiri uchambuzi uishe.

Na mzee aliyekuja hajala ukishamtoa damu, mpe chakula, apumzike, ndipo umpime kumbukumbu. Anayetumia insulini mpangie zamu ya kwanza kabisa asubuhi, baada ya kukubaliana na daktari wake kuhusu dozi ya siku hiyo.