Gari Lililokaa Juu ya Mawe: Maswali Yenu Wiki Hii

Marehemu mume wangu alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1978. Iko juu ya mawe hapa Tanga miaka kumi na mitano sasa. Injini haizunguki. Wanangu wanataka waivute na pikapu mpaka iwake, nami nasita.

Endelea kusita, mama. Injini iliyoshika ikivutwa ikiwa kwenye gia, kitakachoachia si kutu peke yake. Ringi za pistoni nazo zinaweza kuvunjika.

Wanao wachomoe plagi zote nne. Kila silinda waitilie vijiko vitatu vinne vya oili ya giaboksi otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, maana asetoni hudaka moto upesi. Injini ya 504 imelazwa ubavu nyuzi 45, kwa hiyo mafuta hutuama upande wa chini wa pistoni na ule wa juu hubaki mkavu. Ndiyo maana waongeze kidogo kila siku, wiki nzima au mbili, wasimimine mara moja wakaenda zao.

Kisha gia iwe huru, soketi iingie kwenye nati ya puli ya krankishafti, yaani shafti kuu ya injini, na mkono uvute mbele kidogo, urudi nyuma kidogo. Siku ikicheza upana wa kucha, kazi kubwa imekwisha. Wasipige stata plagi zikiwa ndani: mafuta hayashindiliki kama hewa, konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, itapinda. Na wamwage oili yote ya zamani kabla ya kuwasha, kwa sababu ule mchanganyiko unachuruzika hadi chini.

Fundi akitaka kufungua silinda hedi, mkumbushe kwamba silivu za injini hiyo, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji ya kupozea. Akizungusha krankishafti bila kuzibana zitanyanyuka, na maji yatapata njia ya kuingia kwenye oili.

Fundi, nati za eksozi za Land Rover yangu hazifunguki. Nimepuliza dawa, nimevunja stadi mbili, zile bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati.

Ulipuliza ukasubiri dakika ngapi? Dawa ya kutu inataka kulala humo usiku kucha, na mara nyingi haitoshi bila moto. Hakikisha hakuna petroli karibu, pasha nati yenyewe mpaka ianze kuwa nyekundu, iache ipoe kidogo, kisha igusishe mshumaa. Nta itanyonywa kwenye uzi, utaiona ikipotea. Tumia soketi ya pembe sita, na uanze kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza.

Zile mbili zilizovunjika, kama kisiki kimechomoza, chomelea nati juu yake; joto la kuchomelea ndilo litakalokilegeza. Usikimbilie kutoboa. Mimi nilitoboa, keekee ikakatikia ndani, na keekee ni ngumu kuliko stadi. Siku nzima ilipotea.

Pistoni ya kalipa ya breki, ile inayosukuma pedi, imegoma kutoka. Nitumie kompresa?

Hapana, itaruka kama risasi na vidole ni vyako. Funga bomba la grisi kwenye tundu la paipu ya breki, usukume polepole. Baadaye osha grisi yote na uweke sili mpya.

Eti magadi na chaja ya betri vinatoa kutu? Au ni uchawi wa mtandaoni?

Ni kweli, na magadi tunayo, ziwa zima kule Kajiado. Chukua ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha magadi soda kwa kila lita nne. Kifaa chenye kutu kwenye waya wa hasi wa chaja, kipande cha chuma chakavu kwenye wa chanya, vyote ndani ya maji, visigusane. Mapovu unayoyaona ni gesi inayolipuka, kwa hiyo fanyia uani, na zima chaja kabla ya kugusa nyaya. Upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu. Wala usitumbukize kabureta. Aluminiamu italiwa na magadi.

Kikitoka kifute, kikaushe na ukipake oili papo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza, utakikuta kimeanza tena kuwa chekundu.