Usilipe hilo eneo kabla hujachimba

Mkuu, SUBIRI kwanza! Umeuliza miamba ya graniti na basalti inatofautianaje, imetokea wapi, na ipi inafaa kaunta ya jikoni. Sawa. Lakini mwishoni umechomekea eti kesho unamalizana na dalali, eneo la kokoto kule Rombo, Kilimanjaro, kwa kuwa "juu mpaka chini ni mwamba mweusi". Huko chini umekuona lini?

Mimi niliuziwa maneno hayohayo, tena na mtu aliyejiita mtaalamu wa miamba, buti mguuni, nyundo mkononi. Akagonga, jiwe likaitika vizuri, akasema, "Basalti hiyo mzee, mpaka wajukuu watakula hapa." Nikalipa. Nikakodi kijiko cha kuchimbia, nikaleta krasha ya kusaga mawe, vijana wakaanza kazi. Mwamba wenyewe haukufika hata kimo cha mtu. Chini yake jivu la volkano, ukilifinya linamomonyoka. Chini ya jivu, mawe mepesi yenye matundu kama mkate, yakiingia kwenye krasha yanatoka unga. Kitu kigumu pekee pale kilikuwa mkopo wa benki. Nampigia mtaalamu, namba haipatikani, hadi leo. Cheka tu, wenzako nyumbani walishaanza.

Sasa alichopaswa kuniambia yule bwana ni hiki. Basalti ni lava. Inayeyukia chini ya gamba la dunia, inapanda, inamwagika juu ikiwa na nyuzi joto 1,100 au zaidi, kisha inapoa upesi, ndiyo maana chembe zake nyingi huzioni kwa macho. Na kilichomwagika hulala juu ya chochote kilichokuwepo: udongo, jivu, mawe ya mlipuko wa zamani. Rombo imejaa vilima vya volkano, na kila kimoja kilitema kwa wakati wake, leo lava, kesho jivu. Unaweza kubahatika ukakuta tabaka nene la mita nyingi. Unaweza pia kuwa mimi.

Graniti haikumwagika. Ilipoa kilomita kadhaa ardhini, polepole mno, chembe zikapata muda wa kukua: kwarzi, felspa, mika inayometameta. Yale mawe ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na tunayaona leo kwa sababu vilivyoyafunika vilishaliwa na mvua na upepo. Mwamba wa hivyo kwa kawaida huenda chini sana.

Na huo weusi unaokupa raha haukwambii ni mwamba gani! Obsidiani ya Naivasha, ile kama kioo ya volkano, ni nyeusi tii, ila kwa kemia iko karibu na graniti kuliko basalti. Lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai hutoka nyeusi, baada ya siku chache imeshakuwa nyeupe, na si graniti wala basalti.

Chimba mashimo ya majaribio, si moja, na yaachane mbali, yapite mwamba wa juu mpaka ujue unene wake. Huna hela ya mashine ya kuchoronga? Tafuta korongo la jirani au mahali barabara ilipokata kilima, tabaka zinaonekana ukutani bure. Dalali akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwambie ampe huyo. Wangu naye alikuwa na "mteja kutoka Nairobi", sijui aliishia wapi, mwenye bahati yule. Ukichimba, weka hapa picha ya ukuta wa shimo tuuone.