Maswali na Majibu: Mbona Nikienda Polepole Natua kwa Kishindo?

SWALI: Wahariri, salaam. Najifunza kuruka na parachuti huku Pwani. Mchanga ukikaribia, ile kasi hunitia hofu, basi kuanzia mita 30 hivi nashusha breki, vile vishikio viwili vya mikononi, nusu ili nitue taratibu. Lakini kila mara natua kwa kishindo, hadi kiuno kinaitika. Wenzangu wanaokuja mbio ndio wanaoteleza juu ya mchanga, kisha wakasimama kama walioshuka matatu. Nakosea wapi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Unakosea hapohapo kwenye mita 30. Parachuti ya mstatili ni bawa: vyumba vyake viko wazi kwa mbele, hewa huingia na kukifanya kitambaa kiwe kigumu. Nguvu ya kunyanyua hufuata mraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, bawa likiwa katika mkao uleule hubaki na asilimia 64 tu ya nguvu hiyo. Kasi unayoiogopa ndiyo mtaji wako wa kutua.

Tazama kinachotokea ukivuta breki zote mbili kutoka juu kabisa, kitendo ambacho warukaji hukiita fleya. Ukingo wa nyuma wa kitambaa hushuka na bawa hupunguza mwendo ghafla. Mwili wako, ambao ndio mzito, huendelea kwenda mbele kama mtoto kwenye bembea. Bawa huinua uso, na kwa muda mfupi nguvu ya kunyanyua huzidi uzito wako. Mteremko hukatika, ukaenda sambamba na ardhi. Tangu hapo upinzani wa hewa unakula mwendo, kwa hiyo huna budi kuendelea kuvuta kidogo kidogo ili usizame. Mikono ikifika mwisho, mtaji umekwisha, na miguu inapaswa iwe imeshagusa mchanga.

Wewe umekwisha kutumia nusu ya mvuto wako ukiwa mita 30. Mwendo ni mdogo, bembea haina nguvu, na kilichobaki mkononi hakitoshi kuukata mteremko.

Dawa: kufika mita 60 uwe umemaliza kugeuka na mikono iko juu kabisa. Parachuti kubwa ya wanafunzi hushuka kama mita 4 au 5 kwa sekunde, kwa hiyo una zaidi ya sekunde 10 za kurudisha mwendo. Miguu ikiwa mita 3 au 4 juu ya ardhi, vuta hadi kifuani, uhisi mteremko ukikatika, kisha malizia hadi nyongani. Macho yatazame mbele. Ukitazama miguuni utavuta mapema. Na ukivuta mapema, usiachie! Ukiachia, bawa huchupa mbele na kupiga mbizi, nawe huna kimo cha kulisubiri. Shikilia ulipofika, malizia karibu na chini, miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, ujiviringishe.

Mazoezi yafanye juu ya mita 900: fleya moja kutoka mikono juu, nyingine kutoka breki nusu. Tofauti utaihisi kwenye mikanda ya mapaja.

SWALI: Kusi likivuma kwa nguvu nikalielekea, parachuti hukaa sambamba kwa muda mrefu zaidi? – Msomaji, Bamburi

JIBU: La. Bawa linajua hewa tu, ardhi hailihusu. Parachuti ya kilomita 35 kwa saa ikielekea upepo wa 20 hupita juu ya mchanga kwa 15. Ukiipa upepo mgongo hupita kwa 55. Fleya ni ileile, mbio zako ardhini ndizo zinazobadilika. Hatari ni kwamba ukipewa mbio na upepo, macho hukudanganya kwamba mwendo ni mwingi, mkono ukavuta kabla ya wakati.

La kuchunga zaidi ni mahali upepo unapotoka. Kusi hutoka baharini, hufika ufukweni likiwa limenyooka. Umande, yaani upepo wa alfajiri, hutoka bara na kupita juu ya minazi. Mnazi wa mita 15 huvuruga hewa hadi umbali wa mara 10 au hata 20 ya urefu wake, yaani mita 150 hadi 300, na huo ni ufukwe mzima! Hewa iliyovurugika huweza kukunja vyumba vya ukingoni katikati ya fleya.

SWALI: Je, nikigeuka kwa nguvu karibu na chini ili niongeze kasi? – Msomaji, Ukunda

JIBU: Kasi itaongezeka, kweli, na kimo kitaisha kabla haijageuka kuwa mwendo wa sambamba. Wazoefu wengi wamekufa hivyo wakiwa na parachuti nzima, iliyofunguka vizuri.

SWALI: Parachuti niliyonunua mtumba siku hizi inakwenda polepole, na fleya yake imelegea. – Msomaji, Nyali

JIBU: Angalia kamba za breki. Kile kitambaa cha mraba chenye pete nne kinachoteleza kwenye kamba wakati wa kufunguka husugua na kutoa joto, na kamba za Spectra, aina ya nyuzi za plastiki, hunywea kwa joto, hasa za pembeni na za breki. Ukiwa juu, inua mikono yote hadi juu kabisa, utazame nyuma: kamba za breki ziwe zimepinda kwa ulegevu. Zikiwa zimenyooka na ukingo wa nyuma umevutwa chini, unaruka na breki zimeshikwa daima. Mpelekee fundi wa parachuti mwenye leseni azipime kwa jedwali la kiwanda. Usizirefushe mwenyewe kwa fundo.